Sekunde Thelathini na Moja

1

Siku ya thelathini na nne ya Kipimo nilishuka Bonde la Mitomondo kwa miguu. Ilikuwa saa nne asubuhi na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya juu ya Mto Ruvuko. Nilitaka kuliona kwa macho yangu lango la mto ambalo ripoti sita za jiji, mwaka baada ya mwaka, zilisema limekwama.

Bondeni haishi mtu tena. Kilichobaki ni misingi ya nyumba, ngazi za saruji zinazopanda na kuishia hewani, na karo moja la kufulia lililoota magugu. Nguzo za vipaza sauti, hata hivyo, zilikuwa zimesimama wima na zimepakwa rangi mpya. Nikajiuliza nani hupaka rangi nguzo za mahali pasipo na mtu.

Tone la kwanza lilinidondokea mkononi, na kipaza sauti kikaamka.

"Bwana Idrisa Pazi, mvua inakaribia. Tafadhali panda upande wa juu."

Ilikuwa sauti ya upole, kama ya muuguzi anayemwamsha mgonjwa. Ikanyamaza kidogo, namna mtu anavyonyamaza akisubiri kuitikiwa, kisha ikaendelea.

"Bi. Tausi Pazi, mvua inakaribia. Tafadhali panda upande wa juu."

Niligeuka huku na huku nikitafuta watu. Hata niliita hodi, kama mjinga, mbele ya mlango usiokuwepo. Sauti iliendelea kuita, jina baada ya jina. Ilipofika jina la kumi na tisa ikasema, "Mtoto Shani Kondo, mvua inakaribia. Mshike mama mkono." Hapo nikaketi kwenye ngazi, maana jina hilo nililijua. Limeandikwa kwenye jiwe la kumbukumbu pale makaburi ya Mlimani pamoja na mengine sitini. Wote walikufa kwa maji, bonde hilo hilo, miaka sita iliyopita.

Hakuna aliyepanda. Sauti ilimaliza majina yote, ikasubiri, ikaanza upya.

2

Jina langu ni Semeni Malunda. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, na shahada ya takwimu ambayo kwa miezi saba ilikuwa imenipatia kazi ya kufundisha tuisheni barazani kwetu, basi. Kura ya bahati ndiyo iliyonichagua. Sheria ya Kipimo inasema kiongozi akishinda kiti kikubwa zaidi, kazi aliyoifanya kwenye kiti cha zamani lazima isomwe na raia mmoja kwa siku arobaini kabla hajaapishwa. Raia huyo hapewi ofisi wala wasaidizi. Hupewa ufunguo wa kumbukumbu zote za jiji, na muhuri wenye pande mbili. Upande mmoja unasema Apishwe, na wa pili unasema Asiapishwe.

Meya Leokadia Mapunda alikuwa ameshinda ugavana wa jimbo zima kwa kura nyingi. Moja ilikuwa yangu. Watu walimwita Mama Milango, kwa sababu yeye ndiye aliyejenga malango mawili ya mto na kuuondolea mji wetu mafuriko ya kila mwaka. Mshindani wake, Bwana Nyambita, alikuwa ameapa kuyabomoa, akisema mashine isimwamulie binadamu. Nikipiga upande wa pili wa muhuri, yeye ndiye angeapishwa.

Kwa siku thelathini na tatu nilikuwa nimesoma nikifurahi. Shule, mifereji, zahanati, vyoo vya soko. Nilikuwa na hakika naujua tayari upande wa muhuri nitakaotumia.

Kutoka bondeni nilikwenda moja kwa moja Kituo cha Malango. Msimamizi wake, mzee Chande Likoko, alipokea shikamoo yangu huku akitazama viatu vyangu.

"Marahaba, mpimaji. Umeniletea tope lote la bonde au umelibakiza kidogo?"

Nilimwambia nimesikia majina. Akaacha utani, akanivutia kiti.

Alinieleza taratibu. Mashine inayosimamia malango inaitwa Mwangalizi. Kila mkazi wa jiji huvaa kikuku mkononi tangu aanze kutembea, na kwa vikuku hivyo Mwangalizi hujua kila mtaa una watu wangapi. Mto ukijaa, maji lazima yatolewe upande mmoja. Upande wa mashariki ni Bonde la Mitomondo, jembamba, ambako maji humzamisha mtu mara moja. Magharibi ni Majengo, mtaa mpana wa watu elfu arobaini, ambako mvua ya kawaida huleta maji ya magotini. Mwangalizi hupima, hupendekeza, kisha huuliza. Mwenye ufunguo wa jiji, yaani meya, ndiye hujibu.

"Mwaka ule haikuwa mvua ya kawaida," mzee Chande alisema. "Majengo maji yangefika kwenye mabati."

Akanisikilizisha kumbukumbu ya siku ile, saa kumi alasiri.

Mwangalizi alisema: "Bonde la Mitomondo, watu sifuri. Majengo, watu elfu arobaini na mia tatu. Zimebaki sekunde arobaini. Nifungue lango la mashariki?"

Kisha kimya. Nilisikia pumzi za mtu, kiti kikilia, mvua kwenye kioo. Niliitazama saa ya ukutani. Sekunde thelathini na moja zilipita.

"Fungua," ilisema sauti ya meya.

Nilimuuliza mzee Chande kwa nini mtu afikiri sekunde thelathini na moja juu ya sifuri. Akasema swali hilo limemnyima usingizi miaka sita na hajapata wa kumuuliza. Halafu akanipa la pili. Baada ya msiba ule, mafundi walimwekea Mwangalizi kanuni mpya: mkazi yeyote wa bonde asifutwe kwenye hesabu mpaka mwenye ufunguo aseme yuko wapi. Mwangalizi alipewa majina ya wafu sitini na mmoja, akaanza kuuliza.

"Sikiliza anavyojibiwa."

Kumbukumbu zilikuwa kumi na nne, moja kwa kila mvua kubwa. Katika kila moja, Mwangalizi aliuliza, "Watu sitini na mmoja wa Bonde la Mitomondo. Wako wapi?" Na katika kila moja, sauti ya meya, mara nyingine imara, mara nyingine kama ya mtu aliyefunika uso, ilijibu neno moja.

"Wapo."

Kwa hiyo lango la mashariki halikuwa limekwama. Mwangalizi alikuwa akilifunga ili asiwazamishe wafu. Kila mvua kubwa maji yalitolewa magharibi, kwa walio hai wa Majengo. Magotini tu. Magodoro yaliyooza, kuta zilizopasuka, familia mia tatu zilizohama. Na Machi iliyopita fundi cherehani mmoja, Ngwali Salehe, aliteleza ndani ya maji hayo akijaribu kuinyanyua cherehani yake, akagonga kichwa, hakuinuka.

3

Bado sikuelewa ile sifuri. Watu sitini na mmoja wako bondeni, na mashine inasema hakuna mtu. Ripoti iliandika "hitilafu ya vikuku" na kuishia hapo.

Aliyenielewesha ni Bi. Mwanahawa Sefu, mjane wa makamo anayeishi juu ya mteremko, nyumba ya kwanza ukitoka bondeni. Nilimkuta anachambua mchele. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Nilipotaja siku ile, aliingia ndani akarudi na kikapu kikubwa cha ukindu chenye mfuniko, akakiweka katikati yetu.

Siku ile bondeni kulikuwa na matanga. Mzee Kondo Pazi, aliyekuwa balozi wao, alikuwa amezikwa jana yake. Na watu wa Mitomondo, alisema, hawaingii na vikuku kwenye nyumba ya msiba. Vinalia, vinawaka, vinamwita mtu wakati wenzake wanalia. Kila anayefika huvua chake na kukitia kikapuni, na kikapu hakikai pale. Hupelekwa kwa jirani wa juu, kikae mpaka matanga yaanuliwe.

"Jirani wa juu ni mimi," alisema.

Nikaona yote mara moja, nikatamani nisingeona. Mwangalizi alikuwa amehesabu vizuri. Kwenye nyumba ya Bi. Mwanahawa, siku ile, aliwaona watu sitini na mmoja salama juu ya mteremko.

"Mimi mwenyewe nilikuwa nimeleta vikuku vya waliofika siku hiyo, nikasema nichukue na sufuria kubwa nirudi tukapike. Sufuria iko kichwani, nikasikia mlio. Nilipotazama chini, hapakuwa na chini."

Alifunua kikapu. Vikuku vilikuwa bado mle, vimezimika, vingine vidogo mno.

"Matanga yale hayajaanuliwa," akasema. "Mzee alizikwa, na waliomzika wakazikwa, na hakuna aliyebaki wa kusema basi imetosha. Wewe unaona ni majina kwenye kipaza sauti. Mimi nayasikia kila mvua nikiwa jikoni kwangu. Mara ya kwanza nilikimbia kwenda kuwapokea."

Nilipoaga, aliniuliza kama najua ni nani aliyevua kikuku cha mwisho siku ya maziko, mbele ya watu wote, akainama akakitia kikapuni kwa mikono miwili kwa heshima. Nilitikisa kichwa.

"Meya wenu. Alikuja kumzika mzee Kondo. Jioni akaja kwangu kukichukua, akanywa na maji."

4

Nilimkuta Mheshimiwa Mapunda ofisini kwake, akipanga vitabu kwenye maboksi kwa mikono yake. Alikuwa mfupi kuliko kwenye mabango. Alipokea shikamoo yangu na kuniuliza, kwa uchangamfu, mwanangu nimefika wapi na kusoma kwangu.

"Nimefika bondeni, mama. Na kwa Bi. Mwanahawa."

Akakiweka chini kitabu alichokishika. Hakukaa. Alikwenda dirishani.

Nilikuwa nimeandaa maswali mengi, nikabakiwa na moja. Nilimuuliza alikumbuka kikapu kwenye sekunde ya ngapi.

"Ya ishirini, pengine," alisema. "Mwangalizi aliposema sifuri niliona ajabu. Bonde lile halijawahi kuwa na sifuri. Nikakumbuka matanga, nikakumbuka kikapu. Nikajiambia labda wameshatawanyika. Nilijua hawajatawanyika. Lakini namba ilikuwa imenipa ruhusa ya kutojua, Semeni, nami nikaichukua."

Nilimuuliza kama angejibu vingine. Akasema hapana. Elfu arobaini walikuwa upande wa pili, na hesabu hiyo ameirudia kila siku ya Mungu bila jibu kubadilika. Angefungua. Lakini angefungua akisema wazi kwamba kuna watu, na kesho yake angesimama mbele ya mji na kuwaambia alichokifanya. Badala yake alisimama na kusema mashine ilikosea. Kisha Mwangalizi akaanza kumuuliza wako wapi, na kila akifungua kinywa kusema wamekufa, alisikia neno linalofuata: nani kawaua.

"Nikasema wapo. Mara ya kwanza nilidhani ni kwa siku hiyo tu. Baadaye nikaona, angalau, sitawafungulia maji mara ya pili."

"Yanafunguliwa kwa wengine, mama. Ngwali Salehe alikuwa na watoto."

"Najua jina lake," alisema, na uso wake ukawa mzee ghafla.

Nilitoa muhuri mfukoni nikauweka mezani. Nilimwambia sitaupiga upande wowote kabla Mwangalizi hajajibiwa. Akasema atamjibu leo hii, pale pale ofisini. Nikakataa. Nilitaka ajibu bondeni, kwenye vipaza sauti, watu wa Majengo na watu wa mteremkoni wakisikia.

"Nikifanya hivyo, hata ukiandika niapishwe, huenda hakuna atakayenitaka."

"Huenda."

"Na malango yabomolewe. Na mvua kama ile irudi. Hilo nalo umelipima?"

Nilikuwa nimelipima, siku mbili bila kulala vizuri. Jimbo lina mito tisa, na kila mmoja utajengewa malango yake na Mwangalizi wake. Nilimwambia naogopa mji usio na malango. Lakini naogopa zaidi jimbo zima likilindwa na mtu anayeulizwa watu wako wapi na kusema uongo, hata uongo wa huruma.

"Nikiwa na umri wako nilikuwa nasema hivi hivi," alisema. Sikujua kama ananisifu au ananionea huruma. Kisha akauliza siku gani.

5

Siku ya thelathini na tisa, saa tisa alasiri, watu kama mia mbili walishuka Bonde la Mitomondo. Wengi walitoka Majengo, wakiwa na hasira na udadisi. Mjane wa Ngwali alikuwepo, amevaa gauni ambalo mumewe hakuwahi kulimalizia pindo. Bi. Mwanahawa alifika na kikapu chake. Vikuku vya zamani alikuwa amevitoa na kuvifunga kwenye kanga. Kikapu kilikuwa kitupu.

Hakuna aliyeagiza. Alikiweka kwenye msingi wa nyumba ya mzee Kondo, na wa kwanza akavua kikuku chake, na wa pili, na mia mbili. Mimi nilivua changu bila kufikiri. Palikuwa ni msibani. Kijana mmoja wa Majengo alikibeba mpaka nyumba ya juu, kama inavyotakiwa.

Meya alisimama chini ya nguzo, ufunguo wa jiji shingoni. Matone yakaanza.

"Bwana Idrisa Pazi," Mwangalizi aliita, kisha, kwa kuwa ufunguo ulikuwa pale, akauliza, "Yuko wapi?"

"Amekufa."

"Yuko wapi?"

Kanuni ilitaka mahali. Meya alifumba macho. "Amezikwa Mlimani, safu ya kwanza. Alikufa kwa maji niliyoyafungulia mimi, nikijua yupo."

Mguno ulipita kwenye watu kama upepo. Mtu mmoja alitukana. Wengine waligeuka kuondoka, wakasimama njiani, wakarudi. Meya hakuwatazama. Alijibu jina la pili, la tatu, la kumi, kila moja na safu yake, bila karatasi. Alikuwa anazijua zote. Alipofika kwa Shani Kondo akaongeza kitu ambacho Mwangalizi hakukiuliza: alikuwa na miaka minne. Baada ya la sitini na moja akasema, "Na Ngwali Salehe wa Majengo, Machi iliyopita. Huyu hukuniuliza." Mjane wake alijifunika uso.

Bi. Mwanahawa alisema matanga yameanuliwa, kwa sauti ndogo, kama mtu anayetua mzigo. Wanawake wawili wakaanza kulia. Mvua ilikuwa sasa imekolea.

Ndipo vipaza sauti vikasema:

"Mto umefika alama ya pili. Bonde la Mitomondo, watu sifuri. Nifungue lango la mashariki?"

Nilitazama kifundo changu kitupu cha mkono, nikatazama nyumba ya juu kulikokuwa na kikapu, nikajua tulichokuwa tumefanya. Ndani ya kichwa changu, bila kutaka, nikaanza kuhesabu sekunde. Moja.

"Hapana," alisema meya. "Tupo."

"Namba yangu ni sifuri."

"Namba yako haituoni. Tupo mia mbili. Subiri."

"Nasubiri."

Tulipanda mteremko kwa kushikana, wazee mbele, mafuriko yakinguruma nyuma ya lango kama ng'ombe zizini. Meya alikuja wa mwisho. Alimpa Bi. Mwanahawa mkono, na Bi. Mwanahawa hakuupokea, ila hakumwacha nyuma pia. Walipanda hatua kwa hatua, sawasawa, kila mmoja kwa miguu yake. Juu, meya aligeuka na kututazama mmoja mmoja, midomo ikihesabu. Alirudia kuhesabu. Kisha akasema, "Sasa bonde halina mtu. Fungua."

Maji yaliingia bondeni kwa rangi ya chai, yakafunika karo, yakafunika ngazi zinazoishia hewani. Niliwaza Majengo, ambako leo maji hayangefika, milango iliyowekewa mifuko ya mchanga bure. Vipaza sauti vilikuwa kimya. Kwa mara ya kwanza kwa miaka sita mvua ilinyesha Mitomondo na hakuna aliyeitwa, na kimya hicho, nilichokuwa nimekitafuta, kilinitisha kuliko majina.

Niliketi barazani kwa Bi. Mwanahawa, nikaiweka fomu gotini. Kwenye nafasi ya maelezo niliandika majina sitini na mawili, na sekunde thelathini na moja, na neno Wapo mara kumi na nne. Kisha nikapiga muhuri. Sikuwa na uhakika. Mpaka leo mvua ikinyesha huwa sina.

Bi. Mwanahawa alikuja na kikapu, anagawa vikuku kwa wenyewe. Alisimama juu yangu akasoma taratibu, kidole kikifuata mistari, mpaka kwenye wino mbichi. Apishwe.

"Mimi sijamsamehe," alisema.

"Najua, mama. Fomu haiulizi kusamehe."

Alinitafutia kikuku changu, akanivalisha mwenyewe, akakibana zaidi kidogo kuliko ninavyokibana mimi.

"Basi usirudi kwenu ukalala," akasema. "Kila mvua, uende umuulize tuko wapi."